Usiukande Uso Huo

Ndugu, umelala kitandani na uso wako umevimba hata jicho moja halifunguki vizuri. Munganga amesema kazi ilikwenda vema. Nawe unajigusa shavu kwa siri na kuwaza: Vema namna gani? Basi soma maneno haya kabla ya kurudi nyumbani, na umsomee pia yule atakayekutunza, kwa maana hatari kubwa ya uso wako iko katika mikono ya watu wanaokupenda.

Kwanza ujue ulichotendewa. Shavu lako lilikuwa limebonyea, pengine kwa moto, pengine kwa ugonjwa uliokula nyama. Munganga alifyonza mafuta ya tumbo lako kwa mrija mwembamba, akayasafisha, akayatia chini ya ngozi ya uso kidogo kidogo. Si mafuta ya kupaka, wala si ya mnyama. Ni ya mwili wako mwenyewe, nayo ni hai. Tena kazi hii si mpya. Mwaka 1893 munganga Gustav Neuber wa Ujerumani alitoa vipande vidogo vya mafuta mkononi mwa mtu, akajaza navyo kovu lililobonyea usoni.

Umepata kuona mtu akihamisha miche ya kabichi? Siku za kwanza mche haujashika udongo mpya. Ukiutikisa kila asubuhi ili uone kama umeshika, utakufa. Ndivyo yalivyo mafuta yako. Kwanza hayana mishipa ya damu. Hunywa tu majimaji ya nyama iliyo karibu. Mishipa mipya huingia polepole, na mafuta yasiyofikiwa hufa.

Sasa shangazi yako anafika. Anaona uso, anapiga kelele: "Mama ee, wamemharibu!" Anateleka maji, anachovya kitambaa, anataka kukukanda kama tunavyokanda kila uvimbe tangu zamani. Ni upendo. Lakini mkono unaokandamiza unasogeza mafuta ambayo hayajashika, na maji ya moto yaweza kuunguza ngozi iliyokufa ganzi. Mwambie kwa heshima: "Shangazi, munganga amekataza." Akikasirika, mpe sufuria ile ile apike sombe na ndakala, maana mwili unaopona unataka chakula cha kujenga, na huu si wakati wa kukonda.

Lala chali, kichwa kimeinuliwa kwa blanketi lililokunjwa, majuma mawili. Mtoto mdogo asilale karibu na uso wako, kwa sababu mguu wake haujui habari za munganga. Mama unayebeba kuni kwa kamba ya kipajini, acha kwanza: kamba inabana uso, na tumbo lako pia lina jeraha. Tumbaku uache kabisa. Inabana mishipa midogo. Aspirini usinywe bila ruhusa, kwa maana inazidisha kutoka damu.

Usishangae tumbo likiuma kuliko uso. Wengi huona hivyo. Vaa mshipi uliopewa, na vidonda uviweke safi na vikavu.

Uvimbe huzidi siku ya pili na ya tatu, halafu hupungua kwa majuma mawili, matatu. Ndipo hofu nyingine inapokuja: shavu linapungua tena! Hukudanganywa, wala hukulogwa. Sehemu ya mafuta hunyonywa na mwili, pengine theluthi moja, pengine nusu na zaidi. Usihukumu uso wako kabla ya miezi mitatu. Wengine hungoja sita. Pakibaki shimo, munganga aweza kuongeza mara ya pili.

Lakini mambo mengine hayangojwi. Jicho likiingia giza, au mdomo ukienda upande, au mkono ukikosa nguvu, mwite munganga saa ile ile, hata usiku. Homa, usaha, wekundu unaoenea, au maumivu yaliyopungua kisha yakarudi kwa nguvu: njoo siku hiyo hiyo, usingoje siku ya kliniki.

Na neno moja la mwisho, ambalo huwachekesha wagonjwa. Mafuta yaliyoshika usoni hayasahau kwamba yalitoka tumboni. Ukinenepa miaka ijayo, shavu lile nalo litanenepa, ukikonda, litakonda.