Kifaa Kinachokubali Kufunguliwa

Safari hii tunataka kuongea juu ya jambo ambalo wengine watasema ni la wasomi na watu wa mjini: jinsi watu wa kawaida wanavyojitengenezea vifaa vya stima vinavyohisi, vinavyoamua na kutenda. Tunaomba msifunge ukurasa. Jambo hili linagusa pesa ya kikundi chenu.

Tumewahi kuketi na kina mama waliochanga pesa muda mrefu wakanunua inkubeta ya kuangulia mayai. Yai la kuku huchukua siku 21, na siku hizo zote linataka joto la karibu nyuzi 37.5, lisipande sana wala kushuka. Kazi ya kulinda joto hilo ilifanywa na kisanduku kidogo kilichofungwa. Siku moja kisanduku kikafa. Fundi wa sokoni, ambaye hurekebisha redio na simu kila siku, alikifungua akashindwa. Hakuna mchoro, na maandishi juu ya chipu yalikuwa yamekwanguliwa. Muuzaji naye akasema dawa ni moja tu, kununua kisanduku kingine kizima. Pesa haikuwepo. Inkubeta ikageuka kabati ya vyombo.

Sasa tujiulize: je, ni lazima kifaa kiwe siri ya aliyekiuza?

Waliochagua kutoficha

Kaskazini mwa Italia kuna mji mdogo uitwao Ivrea. Huko ndiko ilikoanzishwa, mwaka 1908, kampuni ya Olivetti, ile ya mashini za kupiga chapa. Mwaka 2001 kulifunguliwa huko chuo cha kufundisha ubunifu wa vifaa vinavyoelewana na mtu anayevitumia. Wanafunzi wengi hawakuwa mainjinia. Walikuwa na mawazo mazuri, lakini bodi ya kufanyia majaribio iliyokuwepo iligharimu karibu dola 100 za Marekani, na haikuwa rahisi kuitumia.

Mwaka 2003 mwanafunzi kutoka Kolombia, Hernando Barragán, alianza kutengeneza bodi na programu rahisi alizoziita Wiring. Juu ya msingi huo, mwaka 2005, mwalimu wake Massimo Banzi pamoja na David Cuartielles, Tom Igoe, Gianluca Martino na David Mellis walitoa bodi ya bei nafuu zaidi. Waliiita Arduino, jina la baa waliyozoea kukutana. Walilenga bei ya dola 30 hivi.

Wakati huo chuo kilikuwa karibu kufungwa, na walihofia kazi yao ingepotea. Kwa hivyo wakaitoa michoro yote wazi. Mtu yeyote aliruhusiwa kuisoma, kuibadilisha, kutengeneza bodi yake na hata kuiuza, mradi tu asitumie jina lao la biashara.

Mwezi wa Oktoba 2025 kampuni kubwa ya Marekani, Qualcomm, ilitangaza kwamba inainunua kampuni ya Arduino. Lakini michoro iliyokwisha kutolewa iko mikononi mwa watu dunia nzima. Mbegu ikishagawanywa kijiji kizima, mwenye ghala akiuza ghala lake, mashamba bado yana mahindi.

Kuhisi, kuamua, kutenda

Bodi yenyewe inaenea kwenye kiganja. Ile iitwayo Uno, iliyotoka mwaka 2010, ina matundu 14 ya kupokea au kutoa ishara za ndiyo na hapana, na mengine 6 ya kupima vitu vinavyopanda na kushuka, kama joto au mwanga. Katikati yake kuna chipu moja inayoshika maagizo.

Tuchukue inkubeta yetu. Kipima joto kidogo ndani ya sanduku kinahisi. Bodi inasoma namba na kuamua kulingana na maagizo tuliyoiandikia: joto likishuka chini ya 37, washa balbu, likipita 38, zima. Balbu ndiyo inayotenda. Kwa ufupi, ni hayo tu. Maagizo huandikwa kwenye kompyuta na kupitishwa kwa waya hadi kwenye bodi. Baada ya hapo kompyuta haihitajiki tena, wala intaneti. Kipima joto kikiharibika, unabadilisha hicho peke yake, si kisanduku kizima.

Hii si kazi ngeni kwetu. Fundi wa jua kali anayegeuza pipa kuwa jiko anafanya vivyo hivyo: anafungua kitu, anakielewa, anakipa kazi mpya.

Mtu kwanza, waya baadaye

Watu wengi wanadhani ubunifu ni waya na chipu. Kumbe kazi kubwa ni kumfikiria yule atakayekitumia kifaa. Tuseme balbu ya inkubeta imeungua saa nane za usiku. Bodi inajua joto linashuka. Lakini mama mwenye zamu analala nyumba nyingine, je, ataambiwaje? Kengele ikilia ndani ya banda, nani ataisikia? Afadhali waya urefushwe hadi chumbani kwake. Na kama masikio yake yamechoka, taa nyekundu karibu na kitanda itafaa zaidi. Maneno ya Kiingereza kwenye kioo hayatamsaidia mwanachama asiyesoma. Taa ya kijani na nyekundu anaielewa hata mtoto.

Maswali kama haya hayahitaji diploma. Yanamhitaji mtu anayeijua kazi ya usiku, na huyo ni mwanakikundi, si muuzaji. Jaribuni kwanza kwa sanduku la karatasi, taa moja na betri. Mpeni yule atakayekitumia, mnyamaze, mtazame anashika wapi na anakwama wapi. Kisha rekebisheni.

Tahadhari

Matundu ya bodi hii hutoa stima ndogo ya volti 5. Stima ya nyumbani ni volti 240 na inaua. Balbu ya inkubeta isiungwe moja kwa moja kwenye bodi. Hupitia rilei, yaani swichi inayowashwa na stima ndogo ili ipitishe stima kubwa. Kazi ya upande huo mkubwa mwachieni fundi wa stima aliyehitimu. Pia msiweke mayai siku ya kwanza. Acheni mashine ifanye kazi siku mbili tatu bila mayai, mkiandika joto daftarini.

Kabla kikundi hakijanunua

Si lazima kila kikundi kijitengenezee kifaa chake. Lakini kila kikundi kina haki ya kumwuliza muuzaji:

1. Je, kinafunguka kwa bisibisi ya kawaida?
2. Je, mchoro wake upo, nasi tutapewa nakala?
3. Je, kipuri kimoja kinaweza kununuliwa peke yake, na ni wapi?
4. Je, fundi wetu wa karibu anaruhusiwa kukigusa?

Majibu yaandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu kabla mweka hazina hajatoa hata shilingi. Na kama kuna kijana wenu katika chuo cha ufundi kilicho karibu, mwalikeni mkutanoni mapema. Anaweza kujua mambo haya kuliko sisi sote.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Ni vifaa gani vya kikundi vimelala sasa kwa kukosa kipuri au fundi?
2. Kwa nini vimelala: vilichakaa, au vilifungwa tusivielewe?
3. Ni nani kati yetu, mama, mzee au kijana, anayependa kufungua vitu, nasi tumemsaidiaje?
4. Ni kifaa kipi kimoja tutakachokifungua pamoja kabla ya mkutano ujao?