Ganzi ya Vidole na Foki ya Baiskeli

Mwezi huu tunazungumza na ninyi mnaosafiri kwa baiskeli za gia, zile zenye springi kwenye foki ya mbele.

Mwalimu mmoja alitujia akiwa na hofu kubwa. Kidole kidogo na kidole cha pete vya mkono wa kulia vilikuwa na ganzi, na chaki ilimponyoka darasani. Alidhani ni ukoma, naye hakuwa amemwambia hata mke wake. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga, kwa maana ukoma hushambulia mshipa wa fahamu uleule unaohudumia vidole hivyo. Daktari alimpima: hakuna baka, hakuna mshipa uliovimba kwenye kiwiko. Mshipa ulikuwa umebanwa kwenye kitako cha kiganja, mahali anapoegemea usukani.

Tukatoka kuiangalia baiskeli chini ya mwembe. Tuliibonyeza mbele, haikuzama hata kidogo. Foki ilikuwa imefungwa tangu siku aliyoinunua! Kila siku mikono yake ilipokea mtikisiko wote wa barabara ya changarawe.

Sisi wauguzi si mafundi, lakini kliniki ya mkoba imetufundisha mengi. Juu ya mguu wa kulia wa foki mara nyingi kuna kifuniko cha kuzungusha chenye alama ya kufuli. Ukikifunga, foki inakuwa ngumu. Hiyo ni kwa lami au kupanda mlima, ili nguvu zako zisipotelee kwenye springi. Kabla ya kuteremka au kuingia kwenye mashimo, fungua. Kugonga mashimo foki ikiwa imefungwa huumiza mikono na kuharibu vifaa vya ndani.

Upande wa kushoto kwa kawaida kuna kifuniko cha kukaza springi. Fungua foki kwanza, kisha funga uzi kwenye bomba linalong'aa, uusogeze chini hadi uguse mpira. Mtu akushikilie baiskeli, panda taratibu, shuka taratibu, upime uzi umepanda kiasi gani. Kwa foki inayoweza kuzama sentimita 10, sentimita 2 zinatosha. Ikizidi sana, kaza, ikipungua, legeza. Foki iliyolegea mno huinama ghafla ukishika breki ya mbele, na tumeshona midomo kadhaa kwa sababu hiyo.

Mwalimu alifungua foki, akavisha mishikio vipande vya sponji, akapumzisha mkono. Ganzi ilimwisha baada ya wiki kadhaa.

Ganzi isiyoisha, kiganja kinachokonda, au baka lisilo na hisia: njooni mpimwe mapema. Kama ni ukoma, dawa zake zinaponya, nazo hutolewa bure.