Beta wangu wa kwanza nilimuua kwa usafi

Siku tisa tu, akaelea. Wa kulaumiwa ni mimi. Kila asubuhi nilikuwa namwaga maji yote, nasugua bakuli kwa sabuni mpaka linang'aa, kisha najaza mapya moja kwa moja kutoka mferejini. Najiona mfugaji hodari, kumbe!

Maji yetu hapa Kilifi hutoka Baricho, kwenye mto Sabaki, na hutiwa klorini ili mimi na wewe tusiugue. Klorini hiyo hiyo huunguza matamvua ya samaki. Na ule utelezi niliousugua ndio makao ya bakteria wanaomaliza amonia inayotokana na kinyesi chake. Yaani nilimtoa sumu moja nikamtia mbili.

Huyu wa pili anaishi kwenye tangi la lita 20. Maji nayalaza kwenye ndoo wazi siku nzima, halafu kwa wiki nabadilisha robo tu. Ya bahari usijaribu, bana. Kwao ni vidimbwi na mashamba ya mpunga ya Thailand. Hita? Anataka nyuzi 24 hadi 28, na joto Kilifi tunapewa bure. Mwepushe tu na jua la dirishani, wala usimwekee dume mwenzake, watauana.

Mjomba wangu ni mvuvi. Siku ya kwanza aliniuliza, "Mwanangu, huyu tunampaka lini?" Jana nimemkuta kachuchumaa mbele ya tangi, kidole kwenye kioo, beta ametanua mapezi anamkasirikia. Nazi hata hakuiulizia.