Bustani za Waliohama Kipawa

Mthamini wa ardhi akipita uani kwako huhesabu vyote: vyumba, choo, kisima, minazi, miembe, mipapai. Wakazi wa Kipawa, Kigilagila na Kipunguni waliuonja utaratibu huo mwaka 1997, mali zao zilipofanyiwa tathmini ili kupisha upanuzi wa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere. Wengi walisubiri zaidi ya miaka kumi, ndipo wakatawanyika: Pugu Mwakanga, Buyuni, Zavala, Kinyerezi. Jengo la tatu la abiria lilipozinduliwa Agosti 2019, miembe ya wale waliotangulia kuhama ilikuwa imeshafikia umri wa kuzaa.

Huku pembezoni mwa Dar es Salaam mtu hasubiri nyumba iishe ndipo apande. Mara nyingi mti huutangulia mlango. Kwanza mpaka: minyaa au michongoma pembeni, jirani ajue mwisho wake na mbuzi wasiingie. Kisha mwembe wa kivuli, mlimao, mpera, mchaichai karibu na jiko. Mgomba hukaa kando ya bafu ili unywe maji ya kuogea, maana maji ya kununua kwa ndoo hayamwagwi ovyo. Mnazi hupandwa na mwenye subira. Ule mrefu wa pwani yetu huchukua miaka sita na zaidi kabla ya kuzaa.

Mbegu za mchicha hununuliwa dukani, lakini matembele na kisamvu huombwa. Mgeni hupiga hodi: "Shikamoo mama. Nimehamia pale bondeni, naomba marando ya matembele." "Marahaba mwanangu, karibu. Chukua na mapingili ya muhogo." Hawajajuana majina, na ujirani umeshaanza. Mboga ya kwanza ikichumwa, fungu moja hurudi kwa aliyetoa marando. Hakuna anayeidai, ila asiyeipeleka husemwa. Kwangu mimi hii ndiyo desturi kubwa kuliko zote za bustani, na ndiyo iliyowafanya waliotolewa Kipawa wawe wenyeji upesi katika mitaa ambayo hawakuichagua.

Kazi zenyewe hazina mwisho. Alfajiri fagio la chelewa hupita uani na kuacha mistari mchangani, na majani makavu hurundikwa shinani mwa mgomba. Udongo wa kichanga haushiki maji, hivyo tuta la mchicha humwagiliwa asubuhi na jioni mpaka lichumwe, wiki tatu au nne tangu kusia. Mbolea hutoka kwa jirani afugaye kuku, nayo huachwa ioze kwanza, kwa sababu ikiwa mbichi huunguza miche. Miti husubiri mvua: vuli ya Oktoba hadi Desemba, au masika ya Machi hadi Mei. Watoto wana zamu ya ndoo na wana miiko yao. Boga changa halinyooshewi kidole, litaoza. Huonyeshwa kwa ngumi. Naipenda imani hiyo, kwani mtoto anayeishika hulipita boga kwa adabu na halichezei.

Jioni jasho hulipwa. Chini ya mwembe hutandikwa mkeka. Mmoja anachambua kisamvu, mwingine anasukwa nywele, wazee wamekaa na bao lao. Habari za mtaa hupita hapo: nani anaumwa, nani kajifungua, kwa nani kuna msiba. Fidia hulipa mti. Kivuli chake na watu waliokaa chini yake hakuna mthamini awezaye kuwaandika.

Ndiyo maana nasikitika nikiona nyumba mpya zikisakafiwa ua mzima kwa vitofali, kuanzia ukutani hadi getini. Masika ikija, maji hayana pa kuzama, yanamfuata jirani wa chini. Na anayehamia humo hana sababu ya kwenda kuomba rando kwa mtu.

Wewe unayehamia kiwanja chako mwaka huu, acha sehemu ya ua ibaki udongo. Chimba mashimo kabla ya Oktoba, uyajaze samadi iliyooza, kisha nenda ukapige hodi kwa jirani.