Muziki ya gari inakatika: chunguza njia ya umeme mbele ya kununua ampli ingine

Kwenye barabara za Bukavu, Goma, Uvira ao Butembo, muziki ya gari si mapambo tu. Taksi yenye kuimba vizuri inavuta wateja. Gari ya matangazo, ile inayopita mitaani na bafle juu ya paa, haina kazi bila sauti. Ndiyo maana shofere wengi wanatia ampli na bafle kubwa. Kiisha shida zinaanza: besi ikipiga, taa za mbele zinafifia, muziki inakatika na kurudi, ao asubuhi gari haiwaki, na inabidi kutafuta vijana wa kuisukuma. Shofere aliyesukuma gari saa kumi na moja ya asubuhi amekwisha kupoteza safari za kwanza, na mwenye gari anangojea pesa yake ileile mangaribi.

Mara nyingi mutu anasema, "Ampli imekufa," ananunua ingine. Kisha juma moja shida inarudi. Ni kwa sababu ampli ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni njia ya umeme: batri, waya, masi ao fuzible. Na njia hiyo inaweza kupimwa na multimetri ya kawaida, mbele ya kutoa hata dola moja.

Ampli inaomba umeme kiasi gani?

Usiamini namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye karto. Angalia fuzible za ampli yenyewe. Kama iko na fuzible mbili za ampere 30, haiwezi kuvuta zaidi ya ampere 60 kwa muda murefu. Ukizidisha 60 mara volti 14, unapata wati 840. Hizo ndizo zinazoingia. Sehemu moja inageuka joto: ampli za aina ya AB zinapoteza karibu nusu, na zile za aina ya D zinapoteza karibu moja ya tano. Kwa hiyo ampli kama hiyo, hata ikiandikwa wati 3000, haiwezi kuzitoa kwenye bafle.

Lakini ampere 60 ni nyingi. Taa mbili za mbele za wati 55 kila moja zinakula karibu ampere 8 ao 9 tu. Alternateri ya gari ndogo mara nyingi inatoa kati ya ampere 70 na 100, tena moteri ikizunguka kwa nguvu. Gari ikisimama kwenye parking na moteri inazunguka polepole, inatoa kidogo zaidi. Hapo batri ndiyo inalipa deni. Kuongeza batri ya pili hakuleti umeme mupya. Ni kuongeza ndoo bila kuongeza maji ya bomba.

Kipimo cha kwanza: batri na alternateri

Weka multimetri kwenye volti za DC, kwenye kipimo cha 20. Pima juu ya batri yenyewe, moteri ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa. Volti 12,6 maana yake batri imejaa. Volti 12,4 ni karibu robo tatu. Volti 12,0 maana yake imebakia kidogo sana, na batri inayoachwa hivyo siku nyingi inaharibika.

Kiisha washa moteri. Sasa multimetri inapaswa kuonyesha kati ya volti 13,8 na 14,4. Washa taa, fungulia muziki. Kama inashuka chini ya 13 na inabakia hapo hata ukikanyaga mafuta kidogo, angalia mukaba wa alternateri, kiisha alternateri yenyewe. Ikipita volti 15, zima: alternateri inatoa umeme wa kupita kiasi, na inaweza kuunguza batri, redio na ampli.

Kipimo cha pili: waya na masi

Kama batri ni nzima, pima kwenye ampli, muziki ikiwa inapiga kwa nguvu. Hapa ndipo siri nyingi zinaonekana. Tuseme batri inaonyesha 13,8 na ampli inaonyesha 11,5. Volti zaidi ya mbili zimepotelea njiani. Ampli nyingi zinajizima zenyewe volti zikikaribia 10 ao 11, na taa nyekundu inawaka. Wengi wakiona taa hiyo wanafikiri ni kifo cha ampli, kumbe inajikinga.

Waya mwembamba ndio mwizi wa kwanza. Waya wa shaba wa metre 5, wenye ukubwa wa milimetri 4 za mraba, ukipitisha ampere 50 unapoteza karibu volti moja nzima, na volti hiyo inageuka joto ndani ya waya. Ule wa milimetri 16 za mraba unapoteza karibu robo ya volti tu. Tena ujihadhari sokoni: kuna waya munene wenye rangi ya shaba inje, lakini ndani ni aluminium. Kwaruza uzi mumoja na kisu. Ukionekana mweupe, si shaba kamili, na unaomba ukubwa zaidi kwa kazi ileile.

Mwizi wa pili ni masi, waya wa negatifu unaofungwa kwenye chuma cha gari. Umeme unaoingia lazima urudi. Kama masi imefungwa juu ya rangi, kutu ao bulo ya kiti iliyolegea, haurudi vizuri. Masi iwe fupi, iwe nene sawa na waya wa pozitifu, na chuma kikwaruzwe mpaka king'ae mbele ya kukaza bulo. Kule Goma, ambako gari zinatikisika kila siku juu ya mawe ya Nyiragongo, bulo iliyokazwa leo inaweza kulegea mwezi unaokuja. Kuipitia tena na ufunguo hakuombi pesa.

Fuzible: hapa usicheze

Fuzible ikiungua mara kwa mara, watu wengine wanaifunga na uzi wa shaba ao karatasi ya kung'aa ya paketi ya sigara. Muziki inaimba, kila mutu anafurahi. Lakini fuzible haikuwekwa kwa kulinda muziki. Imewekwa kwa kulinda gari na watu walio ndani. Waya wa batri ukikwaruzika na kugusa chuma, batri inaweza kutupa ampere mamia kwa mara moja. Fuzible ikikatika, jambo limeisha. Kama hakuna fuzible, waya ndio unawaka, chini ya kapeti, chini ya viti vya abiria, na pengine bidoni ya mafuta iko nyuma.

Fuzible kubwa ikae karibu na batri, isipite sentimetri 30 hivi, na ichaguliwe kwa uwezo wa waya, si kwa tamaa ya ampli. Ikiungua mara mbili, usitafute kubwa zaidi. Tafuta mahali waya umechubuka.

Batri inakufa usiku

Ampli iko na waya mwembamba wa kuiamusha, unaotoka kwenye redio. Fundi asiye na subira anaufunga moja kwa moja kwenye pozitifu ya batri, na ampli hailali tena. Kama inakula ampere 1, basi kuanzia mangaribi ya siku ya posho mpaka asubuhi ya siku ya kwanza, saa 36, itakuwa imekula ampere-saa 36. Kwa batri ya 60, hiyo ni zaidi ya nusu.

Zima redio, ngojea nusu saa, gusa ampli. Ikiwa ingali ya moto ao taa yake inawaka, umepata sababu. Rudisha waya ule kwenye redio.

Mbele ya kugusa waya wowote, fungua kwanza negatifu ya batri, vua pete na saa, na usivute sigara karibu, kwani batri inayojazwa inatoa gazi yenye kuwaka. Na fundi akisema ununue ampli mupya, muombe jambo moja: akuonyeshe volti kwenye batri na volti kwenye ampli, muziki ikiwa inapiga. Kama hawezi kuzionyesha, chunga pesa yako.