Mbusa Nyamwisi na kura zake: namba zinasema nini

Wiki iliyopita katika kikundi yetu mmoja aliweka picha ya zamani ya Mbusa Nyamwisi na kuuliza: "Huyu mzee, kwa kweli alishawahi kushinda?" Palepale watu wakagawanyika. Wengine wakaandika kwamba yeye njo mkubwa wa Grand Nord, hakuna mwingine. Wengine wakajibu kwamba hata asilimia 2 ya kura hajawahi kufikisha. Nilisoma majibu yote mpaka usiku, na nikaona kwamba pande zote mbili zinasema kweli, ila hawaongelei kitu kimoja. Mimi ni mtu wa agronomia, siasa si fani yangu. Lakini kusoma namba tulifundishwa, basi nimekaa nikazipanga.

Tuanze mbali kidogo, juu wadogo wetu wa mwaka wa kwanza walizaliwa vita vimeisha, au wamevisikia kwa wazazi tu. Jina la Nyamwisi halikuanza na Antipas Mbusa. Mkubwa wake, Enoch Nyamwisi Muvingi, alikuwa mwanasiasa wa mwanzo wa vyama vingi, na aliuawa hapa Butembo mwezi wa kwanza 1993. Kisha ikaja RCD, iliyozaliwa Goma mwaka 1998 na kupasuka mwaka 1999. Tawi moja likaitwa RCD-Kisangani/Mouvement de libération, kwa kifupi RCD-K/ML, chini ya profeseri Wamba dia Wamba. Baadaye Mbusa akamwondoa profeseri, na makao makuu yakawa Beni. Kwa miaka ile tulikuwa na kitu kama serikali ndogo hapa kwetu: jeshi lake, APC, na ushuru wake wa mpaka wa Kasindi. Wazee wengine wanaikumbuka kwa sifa, wengine hawapendi hata kuitaja. Kwa hesabu yetu ya leo kinachohitajika ni kimoja: hakuna aliyepiga kura.

Na hata baada ya vita kura haikuja mara moja. Makubaliano ya Pretoria ya 17/12/2002 yaligawa vyeo kati ya serikali ya Kinshasa, vikundi vya silaha, upinzani usio na silaha na société civile. Mwaka 2003 Mbusa akawa waziri wa ushirikiano wa kanda katika serikali ya mpito. Wabunge wa Bunge la mpito nao walitumwa na makundi yao, hawakuchaguliwa. Kwa hiyo cheo chake cha kwanza cha taifa kilitoka mezani. Simsemi yeye peke yake. Wote wa wakati ule walipita mlango huo.

Sasa tufike kwenye sanduku. Mwaka 2006 Mbusa alijiandikisha kama mgombea urais kwa Forces du Renouveau. Kabla ya siku ya kura akajiondoa na kumuunga mkono Joseph Kabila. Lakini karatasi za kura zilikuwa zimekwisha kuchapwa, jina na picha vikabaki. Watu 96,503 wakamchagua hata hivyo, sawa na 0.57%. Ile namba watu wanaipenda kwa kumcheka, na hapo wanakosea. Ni kura za mtu aliyesema "musinichague". Ukitaka kulinganisha, Pierre Pay-Pay, mtoto mwingine wa kwetu aliyewahi kuwa gavana wa benki kuu, alibaki katika mashindano mpaka mwisho na akapata 267,749, yaani 1.58%.

Lakini angalia upande wa Bunge mwaka uleule. Forces du Renouveau walipata viti 26 kwa 500. Wakawa watano kwa ukubwa, nyuma ya PPRD, MLC, PALU na MSR. Si viti vyote vilitoka huku. Ndani ya Forces du Renouveau kulikuwa pia na watu kama Olivier Kamitatu wa Bandundu. Hata hivyo hapo njo nguvu ilipokuwa. Prezida anayetafuta wingi wa wabunge hakuulizi ulipata asilimia ngapi kwa urais, anauliza unaleta wabunge wangapi. Mwezi wa pili 2007 Mbusa akawa waziri wa mambo ya nje. Mwaka 2008 akahamishiwa ugatuzi na upangaji wa maeneo, akakaa hapo mpaka 2011.

Mwaka 2011 akaachana na Kabila na kugombea urais, safari hii bila kujiondoa. Alipata 311,787, yaani 1.72%, nafasi ya tano, nyuma ya Kabila, Étienne Tshisekedi, Kamerhe na Kengo. Ukichukua kura peke yake, alizidisha zaidi ya mara tatu. Lakini zilimsaidia kidogo kuliko zile za 2006, na sababu ni ya sheria. Mwezi wa kwanza 2011 katiba ilibadilishwa na uchaguzi wa prezida ukawa wa mzunguko mmoja. Kukiwa na mizunguko miwili, mtu mwenye laki tatu anaitwa mezani kati ya mzunguko wa kwanza na wa pili. Kwa mzunguko mmoja, laki tatu zako zinabaki kwenye karatasi tu.

Marekebisho yaleyale ya 2011 yalibadilisha jambo lingine ambalo wengi wetu hatulijui. Depite hagombei peke yake, anagombea pamoja na wawili wa kumrithi, wale tunaowaita suppléants. Zamani, depite akiitwa kuwa waziri, kiti alikuwa amekiacha kabisa na suppléant ndiye aliyekaa. Tangu 2011, kiti kinamsubiri: serikali ikianguka, anarudi Bungeni. Wandugu, siku mtu anakuja kuwaomba kura akiwa na majina mawili nyuma yake, muulizeni hayo majina ni ya nani. Mara nyingi mtawakilishwa na mtu ambaye hamkumwona hata mara moja kwenye kampanye.

Kiti kinaweza pia kupotea. Kifungu cha 110 cha katiba kinasema depite asiyehudhuria zaidi ya robo ya vikao vya sesheni moja, bila ruhusa wala sababu, amepoteza kazi yake. Mbusa alikuwa Bungeni baada ya 2011, lakini alikuwa ameshatoka inchini, na mwaka 2013 Bunge likamfuta kwa kutohudhuria, yeye pamoja na wengine kama Roger Lumbala. Wafuasi wake wanasema mtu aliye uhamishoni hawezi kusaini karatasi ya mahudhurio, na kwamba sheria ilitumika kwa wapinzani tu. Naona wana haki katika sehemu moja ya neno hilo: viti vitupu Kinshasa si vya wapinzani peke yao. Lakini kwa mwananchi wa Beni, mwaka 2014, wakati watu walikuwa wanachinjwa upande wa Mbau na Oicha, sauti yake Bungeni ilipungua, hata kosa liwe la nani.

Nisimame kidogo kwa jambo la kuhesabu viti, maana hapo njo mabishano yetu mengi yanazaliwa. Tuchukue mfano wa kubuni. Mji una viti 5 na kura halali 100,000. Unagawa: kila kiti kina bei ya kura 20,000. Listi A ina kura 45,000, B 27,000, C 16,000, D 12,000. A anachukua viti 2 na anabaki na 5,000. B anachukua 1 na anabaki na 7,000. C na D hawajafika bei, wanabaki na zao zote. Viti 2 vilivyobaki vinaenda kwa wenye mabaki makubwa: C na D. Kwa hiyo D mwenye 12,000 yuko na kiti kimoja, sawasawa na B mwenye 27,000. Hapo hakuna wizi, ni vile sheria iko. Na ndani ya listi anaingia yule aliyepata nyingi, kwa hiyo mtu mwenye kura 3,000 anaweza kukaa Bungeni na mwenye 9,000 kubaki nyumbani, kama listi yake ilikuwa dhaifu.

Kisha sheria ya 2017 ikaongeza kizingiti: listi isiyofikisha 1% ya kura za inchi nzima haigawiwi kitu katika Bunge la taifa. Rudieni mfano wetu. Kama D ni chama cha kwetu tu, kinachojulikana Butembo na Beni lakini si Kananga wala Mbandaka, zile 12,000 zinatupwa na kiti kinaenda kwa mwingine. Ndiyo sababu leo vyama vidogo vyote vinaingia katika regroupements zenye majina marefu. Chama chenye shina mahali pamoja, kama RCD-K/ML, hakiwezi tena kutembea peke yake kwa urahisi. Kinapaswa kuwa na rafiki mkubwa Kinshasa, na rafiki mkubwa naye ana bei yake.

Halafu 2018. Mbusa alikuwa upande wa Lamuka, na Martin Fayulu alianza kampanye yake Beni. Tarehe 26/12/2018, siku nne kabla ya kura, CENI ikatangaza kwamba Beni, Butembo na maeneo yao hayatapiga kura tarehe 30, kwa sababu ya Ebola na usalama. Yumbi vilevile, kwa sababu nyingine. Pamoja ilikuwa zaidi ya watu milioni 1.2 walioandikishwa. Beni watu walipanga mistari na kupiga kura yao wenyewe, ya mfano. Kura ya kweli tulipewa tarehe 31/3/2019, ya wabunge tu, prezida akiwa ameshaapa tangu tarehe 24/1.

Tuhesabu bila hasira. CENI ilimpa Félix Tshisekedi 7,051,013 na Fayulu 6,366,732. Tofauti ni 684,281, ndogo kuliko idadi yetu tulioachwa nje. Wengi wanaishia hapo na kusema "tungebadilisha kila kitu". Polepole. Kitaifa walitoka wasiofika nusu ya walioandikishwa. Kama huku nasi wangetoka nusu, ingekuwa kama kura laki sita na zaidi kidogo, na hata zote zikienda upande mmoja hazingefika. Tungehitaji kutoka kwa wingi sana kuliko inchi yote. Ingewezekana? Kwa vile nilivyoona watu walivyokuwa na hamu, siwezi kukataa. Lakini haki ya kupiga kura haitegemei kama ingebadilisha matokeo.

Mimi tarehe 31/3 nilikuwa shahidi wa listi moja katika biro ya kura hapa Butembo. Tulinawa maji ya klori mlangoni, tukapimwa joto, tukakaa mpaka usiku tukihesabu kwa taa ya simu. (Ile pesa ya shahidi niliyoahidiwa bado naisubiri mpaka leo.) Nilichojifunza ni kwamba karatasi ya matokeo inabandikwa mlangoni mwa biro, na asubuhi yake karibu hakuna anayekuja kuisoma. Kesho yake watu walewale wanabishana namba kwenye mitandao.

Mwezi wa tatu 2023 Mbusa akarudi serikalini kama waziri wa intégration régionale, safari hii kwa prezida ambaye mwaka 2018 alikuwa mshindani wa mgombea wake. Nikipanga yote kwenye mstari mmoja: 2003 meza, 2007 meza yenye wabunge nyuma yake, 2011 kura bila meza, 2013 kiti kufutwa, 2023 meza tena. Kwa hiyo kwa aliyeuliza: ndiyo, alishinda, lakini pale aliposhinda si pale tunapopaangalia.

Tarehe 20/12/2023 tulipiga kura, hata za wabunge wa jimbo. Safari hii waliokosa ni ndugu zetu wa Masisi na Rutshuru. Lakini Kivu ya Kaskazini iko chini ya état de siège tangu tarehe 6/5/2021, gavana ni mwanajeshi, na kazi za Bunge la jimbo zilisimamishwa. Mwaka 2024 majimbo mengine yalichagua magavana na maseneta kupitia wabunge wao. Siye na Ituri, hapana. Wengine kati ya wale tuliowachagua ni wasomi wenzetu, tulisoma nao. Ukiwakuta mjini unawaita "Honorable", wanatabasamu, na kila mmoja anaendelea na njia yake.