Shamba Uliloacha Nyuma: Karatasi Gani Inalilinda?



Katika mikutano yetu na familia zilizokimbia vita, swali moja linarudi kila mara: "Mimi nilitoa kalinzi, mwami alinipa shamba mbele ya wazee. Mbona leo mtu mwingine anasema serikali imemwandikia yeye?" Swali hili limeshagombanisha vijiji vizima, kwa hiyo tulieleze polepole.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, iliweka kwamba udongo wa Kongo ni mali ya serikali. Mwananchi anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na karatasi inayoitwa certificat d'enregistrement. Anayeitoa ni conservateur, mkuu wa ofisi ya hati za ardhi. Hati huandikwa mara mbili: moja inabaki katika kitabu cha ofisi, nyingine anapewa mwenyewe. Kama yako iliungua pamoja na nyumba, nenda ukaulize. Ile ya kitabuni inaweza kuwa ingali iko.

Je, karatasi ya mwami ni bure? Hapana. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Lakini sheria ya 1973 iliahidi kwamba amri ya Rais itapanga haki za ardhi ya wenyeji, na miaka makumi ikapita bila amri hiyo kutoka. Hivyo karatasi ya mwami ni ushahidi mzuri, lakini haina nguvu ya hati.

Hapo ndipo wenye pesa hupita. Kijiji kimebaki kitupu, mtu anaomba shamba ofisini. Mbele ya kutoa hati, watumishi wanapaswa kufika mahali, kupima na kuuliza wanaokaa pale. Watamuuliza nani, kama wote wako kambini? Na tuseme wazi, wakati mwingine hawafiki hata kidogo. Siku unaporudi, wewe ndiye unaitwa mvamizi.

Wakuu wa familia, shikeni jambo hili: muda wa kupinga hati ni miaka miwili tangu ilipoandikwa mara ya kwanza. Ukishapita, kuivunja ni vigumu sana, na mara nyingi mlalamikaji anabaki kudai fidia tu. Miaka hiyo haingoji vita iishe. Kwa hiyo msingoje kurudi.

Mkiwa bado kambini, andikeni jina la kijiji, majirani wa pande nne, mto au mti wa mpaka, nani aliwapa shamba na mwaka gani. Wazee watie sahihi wangali hai. Mara nyingi majirani wenu wa zamani wako katika kambi ileile. Kisha mtumeni mtu mwaminifu kwenye ofisi inayohusika na eneo lenu, aulize kama kuna aliyeomba shamba hilo. Akiwepo, pelekeni barua ya kupinga na mbaki na kopi yenye muhuri na tarehe. Kama hati imeshatoka, jambo ni la tribinali. Tafuteni mwanasheria haraka. Mahali ambapo utawala umebadilika kwa sababu ya vita, mwulizeni kwanza kama karatasi za ofisi hiyo zitatambuliwa, ndipo mlipe.

Sisi tunapenda mapatano ya wazee, na mengi yamezuia damu. Lakini mapatano yasiyofikishwa ofisini yanaacha hati ileile katika jina lilelile. Watoto wa yule mliyepatana naye wanaweza kuitoa kesho.

Mama wajane na wasichana nao waandikwe kwa majina yao. Sheria ya Julai 2016 iliyorekebisha sheria ya familia iliondoa ile ruhusa ya mume ambayo mke alidaiwa zamani. Mtumishi akikuuliza "bwana yako yuko wapi?", mjibu kwa heshima, kisha mwombe aendelee kuandika. Na kila franka mnayotoa, ombeni risiti.